Miche Kumi ya Kwenye Waya

6 Machi 1993, Jumamosi

Leo nimehamisha miche ya Mama. Thelathini, mistari mitatu, kumi kumi, kuanzia mlango wa jiko la nje mpaka kona ya choo. Mstari wa kwanza unafuata waya wa kuanikia nguo, kandokando ya ua wa jirani yangu, Mzee Sumari. Mistari mingine miwili iko upande wa ndani. Mikono inanuka nyanya mpaka sasa na sabuni imeshindwa.

Mbegu hizi zina neno, ndiyo maana naandika. Mama amezileta hapa Sekei kutoka Kibosho zikiwa zimekaukia kwenye kipande cha gunia. Njia nzima alikipakata kama mtoto mchanga. Kule nyumbani ng'ombe ameshauzwa, mlango umefungwa, na macho ya Mama yamekwisha kwa presha ya macho. Anaona mwanga na kivuli, basi. Kaka yangu Priskus, aliyesomeshwa kwa kahawa yote ya nyumbani wakati mimi nasokota uzi, aliamua akiwa Dar es Salaam kwamba Mama akae kwangu. Aliamua kwa simu. Nisingekataa, lakini ningependa kuulizwa.

Mama aliposhuka garini alisema hivi: "Eva, tuzipande. Zikiikubali ardhi hii, na mimi nimeikubali. Zikiikataa, unirudishe kwangu."

Kwake hakuna mtu. Mwaka jana aliteleza akaangukia mferejini, akalala humo mpaka watu wa misa ya asubuhi walipomkuta. Mama akisema unirudishe, ni kwenda kufa peke yake. Kwa hiyo hizi kwangu si mboga.

9 Machi

Mvua. Matope kwenye duka langu la ushonaji Ngarenaro mpaka chini ya vyerehani.

14 Machi, Jumapili

Mama ameshaujua waya. Anaushika kwa mkono wa kushoto, anatoka jikoni mpaka chooni na kurudi, hataki kushikwa. Jiko langu la mkaa amelikataa. Ametaka mafiga matatu na kuni, na kila alfajiri analizoa jiko mwenyewe kabla sijaamka. Nikiamka nakuta limekwisha kusafishwa na chai ipo.

Jioni nikirudi kazini, kabla sijaweka mkoba chini: "Eva, majani rangi gani leo?"

"Kijani, Mama."

"Kijani gani?"

"Kijani cha nyanya, Mama, kuna kingine?"

"Viko vingi," akasema. Hakucheka.

19 Machi

Oda ya sare za shule mbili. Asante Mungu kwa shule, maana gauni hashonewi mtu siku hizi. Marobota ya mitumba yamejaa sokoni, mtu anavaa nguo ya mzungu kwa bei ya vifungo vyangu. Wakati ule tulipopunguzwa kazini kwenye shirika la nguo walituambia tujiajiri. Nilijiajiri, cherehani kimoja vikawa vinne. Halafu wakafungulia mitumba.

27 Machi

Kuna kitu sikielewi. Mche wa tatu na wa nne kwenye waya imepauka kileleni. Majani ya chini ni mazima, haya mapya ya juu ndiyo ya njano. Na si njano ya kuzeeka. Nyama ya jani imekuwa kama siagi lakini mishipa yote imebaki kijani, mpaka ile midogo kama unywele. Nimeliinua jani moja dhidi ya jua nikasimama pale nikisahau chai. Nimeshona lesi za altare miaka na miaka, sijawahi kuona lesi ya namna ile. Kitu kinaumwa na bado ni kizuri kiasi kile! Nikajiona mjinga, nikaliacha.

"Majani rangi gani leo?"

"Kijani, Mama."

2 Aprili

Imefika mitano. Yote ya kwenye waya.

5 Aprili

Nimepita duka jipya la pembejeo mjini. Siku hizi kila mwenye chumba na rafu anauza pembejeo. Kijana ana tai. Nikamwonyesha jani.

"Hiyo njaa, mama. Weka hii, ya nje hiyo, ndani ya wiki unanishukuru."

"Njaa gani inayochagua mstari mmoja na kuacha miwili?"

"Mama, mimi nauza dawa, siuzi maelezo."

Nikanunua. Nimejikasirikia njia nzima.

11 Aprili, Pasaka

Binti yangu Agnela hakuja, shule ya bweni imewabakiza. Tulikwenda misa mimi na Mama. Tulipotoka mawingu yalikuwa yamepasuka na Meru umesimama juu ya mji mzima, theluji mpya mpaka mabegani. Watu wakanyamaza barazani pa kanisa, hata watoto. Mama akageuza uso upande ule ule.

"Kuna kitu cheupe pale," akasema.

"Ni mlima, Mama. Una theluji."

"Wenu nao unayo, kama wetu?" Akasimama akiuangalia kwa macho yasiyoona, muda mrefu, mpaka nikaona haya kumwambia twende.

Dawa ya kijana wa tai haijafanya kitu. Miche saba.

17 Aprili

Nimepata mchawi. Nimekaa chini na kupiga hesabu: mstari wa waya, minane kati ya kumi imepauka. Mstari wa pili, hakuna. Wa tatu, hakuna. Mstari wa waya ndio ulio karibu na ua wa Mzee Sumari, na upande wa pili wa ua ndipo mkamwana wake anapofulia. Miaka ile ya foleni tulikuwa tunaoga kwa kipande cha sabuni ukubwa wa kidole. Sasa madirisha yamefunguliwa, sabuni ya unga inamwagwa kama mchanga, povu linapita chini ya ua linakuja kunywewa na nyanya za mama yangu.

Nilimkuta Mzee Sumari anapasua kuni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Agnela. Mbona umekuja umenuna kama mtu wa kodi?"

Nikamweleza. Akaja kuangalia, akainama, akashika jani kwa vidole vyake vinene.

"Nyie Wachaga bwana! Kitu kisipozaa mnatafuta jirani."

"Mzee, minane kwa kumi, upande wako. Mistari mingine sifuri. Mimi nafuata hesabu."

"Hesabu yako ni nzuri," akasema. "Ila povu lilipita hapa hata mwaka jana, na ulikuwa na sukuma wiki kama masikio ya tembo." Halafu akajikuna. "Lakini nitachimba mtaro. Bibi asije akasema Wameru tumemfukuza."

21 Aprili

Amechimba kweli, mtu wa umri ule, kwenye mvua. Mtaro unapeleka maji yake yote barabarani. Nilimpa asante ya mdomoni tu. Bado nilikuwa na hasira.

"Majani rangi gani leo?"

"Kijani, Mama."

"Mungu mkubwa," akasema. Na akala ugali wote. Ndiyo maana naendelea kusema. Nikisema kijani, anakula.

30 Aprili

Kumi kwa kumi. Mche wa tisa hauna tena hata mishipa ya kijani, kilele ni cheupe kama karatasi na kingo zinaungua. Mtaro umekauka, hakuna povu. Hesabu yangu imekataa na mimi sijazoea hesabu kunikataa.

Priskus amepiga simu dukani kwa jirani. Anashauri ninyunyizie dawa.

3 Mei

Mvua usiku kucha. Kijani, nimesema.

8 Mei, Jumamosi

Leo sikwenda kazini, vyerehani vinne vimekaa kimya. Nataka niiandike yote.

Niliamka mapema kuwahi mzigo wa khaki. Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa, mvua imekatika, baridi. Nikafungua mlango wa nyuma, mkoba begani, nikamwona Mama kwenye waya.

Mkono wa kushoto umeshika waya. Mkono wa kulia umepakata bakuli la bati. Akipiga hatua, analitua bakuli chini, anainama, anapapasa mpaka alipate shina. Analishika kwanza, taratibu, kama unavyomshika mtoto paji la uso kujua kama ana homa. Halafu anachota bakulini na kumimina kuzunguka mizizi, anapapasa kwa kiganja, na midomo inakwenda. Anasogea. Mche mwingine. Mpaka alipofika usawa wangu ndipo nikasikia: "Salamu Maria, umejaa neema." Mche mwingine: "Salamu Maria."

Ni majivu. Majivu ya mafiga, ya kuni za jana yake. Ndivyo walivyofanya nyumbani, mama yake na bibi yake, kila asubuhi jivu la jikoni linakwenda mgombani. Na alikuwa ameuvuta kila mche kama punje ya rozari. Miche kumi ya kwenye waya, fungu moja kamili. Alipofika wa mwisho, karibu na choo, akainua kichwa: "Atukuzwe Baba, na Mwana." Akaanza kurudi na bakuli tupu.

Nyuma yake mlima ulikuwa wazi wote, kilele kimeshika jua ambalo sisi huku chini hatujalipata. Nimefanya kazi tangu nina miaka kumi na mitano, nilidhani najua maana ya kuamka mapema. Kumbe ndani ya ua wangu mwenyewe, kila siku wakati nimelala, kipofu alikuwa anatoka kwenye baridi kuombea nyanya moja moja, na majivu yake yalikuwa yanaziua.

Na hesabu ikafunga. Kumi kwa sababu ya waya. Mistari mingine mizima kwa sababu mkono haufiki.

Akanihisi. "Eva? Mbona hujaenda?"

"Mama, yale ni majivu?"

"Ni majivu. Ulidhani nyanya zinapata wapi nguvu? Nilianza zilipopandwa, konzi moja moja. Ulivyokuwa unaniambia kijani, kijani, nikaona zinapenda, nikaongeza." Akatabasamu. "Majani rangi gani leo?"

Ningeweza kusema. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeshazoea njia.

"Njano, Mama."

Akalitua bakuli chini.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Nilikuuliza kila siku."

"Uliniuliza."

"Ningejua ni njano, ningeacha siku ile ile. Hata Kibosho jivu likizidi mti unakwambia, unaacha. Mimi sina macho, Eva, nilitumia yako." Akaushika ule waya kwa mikono miwili. "Mbegu imekataa."

"Haijakataa! Ile ambayo hukuifikia ni mizima, Mama. Ishirini. Ishirini ya kijani kabisa."

"Ishirini?"

"Ishirini."

"Hiyo umehesabu," akaniuliza, "au umeniambia tu?"

Nani angeniamini?

10 Mei

Hajauliza rangi. Ugali ameugusa tu.

11 Mei

Hajauliza.

13 Mei

Nimekwenda kwa Mzee Sumari na mkungu wa ndizi.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi. Haikuwa povu."

Nikamsimulia. Alicheka mpaka akakaa kwenye gogo, halafu akaacha ghafla. "Pole kwa bibi. Ametoka kwenye udongo mchachu, jivu kule ni dawa. Huku maji yenyewe yana magadi. Si umeona sufuria yako inavyofanya ukoko mweupe? Ukiweka na jivu juu yake unamlisha chumvi mtu aliyekwisha kunywa chumvi."

"Ningekuuliza mapema."

"Ulikuja kunishitaki, hukuja kuniuliza." Akasema bila ubaya, na hapo ndipo iliponiuma. "Na mtaro wangu je?"

"Nitaufukia mwenyewe."

"Uache. Ukumbi wangu haujawahi kuwa mkavu hivi."

Jioni alikuja na toroli la mbolea ya zizini iliyooza. Tulikwangua udongo wa juu wote wenye jivu kwenye miche kumi, tukaweka wa kwake. Maji ya bomba nimeacha, nakinga ya mvua kwenye pipa. Mama alikaa mlangoni akisikiliza jembe.

15 Mei, Jumamosi

Nimemkuta anafunga kanga zake. Amefunga vizuri, pembe kwa pembe, na kile kipande cha gunia juu.

"Nipeleke Jumatatu."

"Mama, nipe wiki chache."

"Za kuniambia kijani?"

Nikatoka nje nisijibu vibaya. Nikaenda Ngarenaro, nikafungua, nikakaa mbele ya cherehani bila kushona. Pembeni kuna mabaki, vipande vya khaki ya kaptura na vya tetroni ya sketi. Nimevifagia miaka yote. Nikavishika, macho nimefunga. Khaki inakwaruza, tetroni inateleza. Mtu hahitaji kuona.

16 Mei, Jumapili

Baada ya misa nimevuta waya mpya, miwili, mmoja kila mstari, urefu ule ule, usawa wa kiuno cha Mama. Halafu kila mche nimeufungia kitambaa kwenye kijiti kinachouegemeza. Tetroni kwa wa kijani. Khaki kwa wa njano.

Nikamchukua Mama mkono nikamfikisha mwanzo wa mstari wa pili, alipokuwa hajawahi kufika.

"Shika. Laini ni kijani. Cha kukwaruza ni njano. Mche ukibadilika, nabadilisha siku hiyo hiyo, uwe umepona au umekufa. Huna haja ya kuniuliza wala kuniamini."

Alikwenda peke yake. Mstari wa pili wote, wa tatu wote. Kila alipofika anashika kitambaa, halafu shina, halafu jani analisugua na kulinusa. Ilichukua karibu mchana wote. Mwisho akaingia mstari wa kwanza, khaki, khaki, khaki, na hapo alikwenda polepole zaidi.

Kisha, sitasahau, akapaza sauti kuvuka ua: "Baba Sumari! Upo?"

"Nipo, bibi!"

"Njoo unisaidie macho. Huu hapa, rangi gani?"

Mzee akachungulia. "Njano, bibi. Pole."

"Na ule nilioushika mwanzo kabisa, mstari wa katikati?"

"Kijani mpaka unatisha."

Akakagua miche sita namna hiyo, anaruka huku na huku ili nisiweze kumtegea. Mzee Sumari akanikonyeza. Mimi nilikuwa nimesimama na waya uliobaki kama mwanafunzi anayesubiri madaftari yasahihishwe.

Kanga bado zimefungwa. Lakini Jumatatu hajaitaja.

22 Mei

Amemwita Sumari mara mbili wiki hii. Mara zote kitambaa kimesema sawa.

29 Mei

Wa kwanza kwenye waya! Nimeuona asubuhi, sikuamini, nikaenda kuvaa miwani ya kushonea. Majani yale ya zamani yamebaki njano, hayo hayarudi. Lakini katikati kabisa, pale kilele kinapojikunja, limetoka jani dogo kama ukucha, kijani kizito. Na linalolifuata, kijani kinatembea kutoka kwenye mshipa kwenda nje, kama rangi inavyopanda kwenye kitambaa kilichochovywa pembeni tu. Nilichuchumaa pale kwenye umande. Hakuna mtu aliyekiamuru kijani kile kianze. Tuliondoa tu kilichokizuia.

Nikafungua khaki, nikafunga tetroni. Nikaenda kazini bila kusema.

Jioni Mama alikuwa na vidole vinavyonuka nyanya. Rangi hakuuliza. Ila alikula.

6 Juni, Jumapili

Mitatu tetroni. Baridi imeanza, Meru umejificha wiki nzima.

12 Juni

Minne. Ukungu umegusa majani mawili mstari wa tatu, nimeyakata na kuyachoma. Nyanya za kwanza zimeanza kugeuka mstari wa pili.

19 Juni

Mche wa tisa umekufa. Nilitoka asubuhi nikakuta umelala. Nilifungua kitambaa, nikasimama nacho mkononi. Sikuwa nimepanga cha kufunga kwa uliokufa. Jioni kabla sijaingia mlangoni nilikuwa tayari nimetunga maneno laini, na nilijua ninachofanya.

"Eva."

"Naam, Mama."

"Majani rangi gani leo?"

Nikaacha mkoba uanguke. Tangu siku ile ya majivu alikuwa hajauliza.

"Mstari wa pili na wa tatu kijani, ila mmoja nimeukata majani mawili yenye ukungu. Kwenye waya, sita kijani. Wa nne juu unarudi, chini bado njano. Wa saba umesimama tu, sijui unataka nini. Wa nane njano. Wa tisa umekufa."

"Najua. Nimelishika shina asubuhi, halina mtu." Akajifuta vidole kwenye kanga. "Sasa hilo ndilo shamba. Yale uliyokuwa unanisomea, ya kijani kila siku, hata Kibosho sijawahi kuwa nayo."

Nikamwona anaenda chumbani akipapasa ukuta. Akarudi na lile fungu la kanga, akalikalisha mapajani, akaanza kufungua pembe moja moja.

4 Julai, Jumapili

Nyanya ya mbegu ameichagua mwenyewe kwa vidole, kubwa, iliyoiva mpaka imelegea. Si ya mstari wa pili wala wa tatu. Ni ya mche wa kwanza kwenye waya, ule uliotangulia kurudi. Nikamwambia mstari wa pili una nzuri zaidi, nimezipima.

"Hizo hazijajua kitu," akasema.

Akaipasua juu ya sahani, akakamua mbegu, akaziosha na maji ya pipa. Mzee Sumari alikuwa kwenye ua anaangalia, amepewa nyanya mbili na chumvi. Lile gunia la Kibosho Mama alilichukua, akalinusa, akalikunja na kuliweka pembeni.

"Nipe kitambaa cha kukaushia. Kile cha kwako."

"Kipi, Mama? Tetroni?"

"Inateleza hiyo. Nipe khaki, inashika."

Nikampa. Akazitandaza mbegu kwa kidole, moja mbali na mwenzake, akasimama, akaushika waya, akaenda kuitundika juani katikati ya sare za watu.